Prosesa Milioni Moja za Bure

Miaka ya mwanzoni mwa karne hii kampuni ya AMD, iliyokuwa ikihangaika kuingia kwenye kompyuta za mtengenezaji mmoja mkubwa, ilifika mahali pa kumwambia: chukua prosesa milioni moja, bure. Mtengenezaji yule akapokea 160,000 tu, zilizobaki akaziacha. Hazikuwa mbovu. Aliziacha kwa sababu, kwa hesabu yake, kupokea za bure kungemgharimu zaidi kuliko kununua za Intel kwa fedha taslimu.

Hesabu hiyo ilianikwa na Tume ya Ulaya tarehe 13 Mei 2009, siku ilipoitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Kwa mujibu wa Tume, Intel ilikuwa ikiwapa watengenezaji wakubwa punguzo nono lenye sharti: wanunue kwake prosesa zote, au karibu zote. Mtengenezaji akichepuka kidogo, punguzo linayeyuka kwenye mzigo mzima, wala si kwenye ile sehemu aliyochepuka peke yake. Wenye maduka ya mtaani wanaujua mchezo huu. Wakala wa soda anakuachia jokofu bila malipo, na siku akikuta humo chupa za mwenzake, jokofu linapakiwa kwenye gari.

Msomaji atasema basi jambo ni wazi: anayetawala soko huchelewesha maendeleo, ushindani huyaharakisha. Mimi nami niliwahi kuridhika na jibu hilo. Historia ya prosesa, hata hivyo, ni ngumu kidogo kuliko hapo, na ndiyo maana inafaa kusimuliwa.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, na kila aina ya prosesa ina lugha yake ya amri. Programu iliyoandaliwa kwa lugha moja haiendi kwenye nyingine bila kutengenezwa upya au kupitishwa kwa mkalimani anayepunguza kasi. Lugha iliyotawala kompyuta za mezani kwa zaidi ya miaka 40 inaitwa x86. Mwanzilishi wake ni Intel. Huwezi kuamka asubuhi ukaamua kutengeneza prosesa ya x86. Unahitaji haki za kisheria, na duniani kampuni zenye haki hizo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

AMD ilizipataje? Kwa sababu ya mteja. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, iliweka ndani prosesa ya Intel 8088, yenye mwendo wa megahezi 4.77. IBM ilikuwa mnunuzi mkubwa na mwoga kwa namna ambayo wanunuzi wakubwa wanapaswa kuwa waoga. Kiwanda kikiungua, wafanyakazi wakigoma, bei ikipandishwa ghafla, itakimbilia wapi? Ikataka kuwe na mtengenezaji wa pili wa chipu ileile. Mwaka 1982 Intel na AMD wakasaini mkataba wa kubadilishana teknolojia. Ushindani uliokuja kushusha bei za kompyuta dunia nzima haukujizukia sokoni. Uliandikwa na wanasheria, kwa shinikizo la mnunuzi aliyekuwa na ubavu wa kudai.

Intel ilipopata nguvu, iliuona mkataba ule kuwa mzigo. Prosesa ya 386 ilipotoka mwaka 1985, Intel ilikataa kumgawia mwenzake. Wakaingia kwenye usuluhishi na mahakama, safari iliyomalizika kwa mapatano ya Januari 1995. Katikati ya kesi hizo, mwaka 1991, AMD ilitoa 386 yake yenye mwendo wa megahezi 40, wakati ya Intel yenye mwendo mkubwa kabisa ilikuwa 33. Mwaka huohuo mahakama ikaona kwamba namba 386 haiwezi kuwa alama ya biashara ya mtu. Ndiyo maana kizazi kilichofuata baada ya 486 hakikuitwa 586: mwaka 1993 likaja jina la Pentium, ambalo mshindani hawezi kulinakili. Kibandiko cha "Intel Inside" nacho kilizaliwa mwaka 1991. Sehemu kubwa ya tunachokijua kama chapa za kompyuta ni ukuta uliojengwa kumzuia jirani.

Halafu zikaja mbio. Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitangaza prosesa ya gigahezi 1, ya kwanza katika kompyuta za kawaida. Intel ikatangaza ya kwake tarehe 8 Machi, siku mbili baadaye. Kutoka megahezi 4.77 hadi 1,000 ilichukua chini ya miaka 20, na wapenzi wa kompyuta wa enzi hizo walizifuatilia namba hizo kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Lakini mbio zina hasara zake. Katikati ya mwaka huohuo wa 2000 Intel ilikimbilia kutoa Pentium III ya gigahezi 1.13, wakaguzi huru wakagundua inakwama katika kazi fulani, na Agosti kampuni ikairudisha kutoka sokoni. Pentium 4, iliyofuata Novemba, iliundwa kwa kuitanguliza namba ya gigahezi, kwa kuwa ndiyo namba ambayo mteja dukani anaweza kuisoma. Ilipiga hatua nyingi kwa sekunde, ila kila hatua ilikuwa fupi, na ilichemka vibaya. Oktoba 2004 Intel ikafuta mpango wa kufikia gigahezi 4. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouimba ushindani bila kupumua: washindani hushindana katika kile ambacho mnunuzi anaweza kukipima, na kile kinachopimika kwa urahisi si lazima kiwe ndicho chenye faida.

Wachumi wamelibishania jambo hili tangu zamani. Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha mwaka 1942, aliona kwamba kampuni kubwa zenye nguvu ndizo zenye mtaji na uthubutu wa kuvumbua. Kenneth Arrow, mwaka 1962, akaonyesha upande wa pili: anayetawala soko hana haraka, maana kipya anachokitoa kinaua mauzo ya cha zamani ambacho nacho ni chake. Mwaka 2011 Ronald Goettler na Brett Gordon wakaliingiza suala hili moja kwa moja kwenye prosesa. Katika makala iliyotoka kwenye Journal of Political Economy, wakitumia takwimu za miaka ya 1993 hadi 2004, walikadiria kwamba kama AMD isingekuwepo, Intel ingeboresha prosesa zake kwa kasi kubwa zaidi, kwa asilimia 4.2. Wanunuzi wangeumia hata hivyo. Kwa bei kupanda, wangepoteza thamani ya dola bilioni 12 kila mwaka.

Sababu yao ina mantiki. Kompyuta haiozi. Aliyenunua mwaka jana hatarudi dukani mwaka huu ila akionyeshwa kitu kilicho bora waziwazi. Kwa hiyo Intel, hata ingebaki peke yake, ingekuwa na mshindani mmoja asiyefukuzika: mashine zake yenyewe zilizokwisha kuuzwa na bado zinafanya kazi.

Nauheshimu utafiti huo, na nadhani unapima kitu cha kweli. Tatizo ni kwamba unapima mwendo, kana kwamba njia ni moja na swali pekee ni nani anaipita upesi. Mambo makubwa katika kompyuta binafsi yametokea penye njia panda.

Njia panda iliyo wazi kuliko zote ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Prosesa za biti 32 zilikuwa zinafikia kikomo: katika hali ya kawaida programu haikuweza kutumia kumbukumbu ya zaidi ya GB 4. Ilibidi kuhamia biti 64. Intel, pamoja na HP, ilikuwa ikiandaa tangu mwaka 1994 lugha mpya kabisa kwa ajili hiyo, na chipu yake ikatoka mwaka 2001 kwa jina la Itanium. Kitaalamu ilikuwa na mawazo mazuri. Kibiashara ilikuwa na uzuri mwingine: haki zake zilikuwa mikononi mwa Intel na HP, mbali na mikataba ya zamani na AMD. Dunia ingehama x86, na AMD ingebaki na ufunguo wa nyumba isiyo na mtu. Kwa mtumiaji, maana yake ilikuwa kwamba biti 64 ni kwa seva za gharama kubwa, na programu zake za zamani zingekwenda kwa kujikokota.

AMD haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ikafanya jambo ambalo mwenye soko hakuwa na sababu ya kulifanya: ikairefusha x86 yenyewe hadi biti 64, huku programu za zamani zikiendelea kwenda kwa kasi yake yote. Opteron ya seva ilitoka Aprili 2003, Athlon 64 ya kompyuta za kawaida Septemba mwaka huo. Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba Windows itaipokea lugha hiyo. Mwaka 2004 Intel ikaanza kutengeneza prosesa zinazozungumza lugha ya AMD, na inaendelea hadi leo. Ukipakua mfumo endeshi wa Ubuntu au Debian kwa laptopu yako ya Intel, faili lenyewe limeandikwa amd64. Itanium ya mwisho ilisafirishwa mwaka 2021, bila msiba mkubwa.

Hakuna asilimia 4.2 inayoweza kulibeba tukio hilo. Intel peke yake ingeweza kwenda kwa kasi zaidi, na ikawa imekwenda kwa kasi zaidi kuelekea Itanium.

Na ndiyo miaka ileile, 2002 hadi 2007, ambayo Tume ya Ulaya iliichunguza. AMD ilikuwa na bidhaa nzuri kuliko wakati wowote wa uhai wake, na Dell, miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kompyuta duniani, haikuuza hata kompyuta moja yenye prosesa yake hadi mwaka 2006. Novemba 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi kati yao. Ile faini ya Ulaya ilikuwa na safari nyingine. Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya iliifuta mwaka 2022, ikiona Tume haikuthibitisha inavyotakiwa kwamba mapunguzo yale yaliweza kumfungia mlango mshindani, na Mahakama ya Haki ikaafiki mwaka 2024. Iliyobaki ni sehemu ndogo ya shauri, inayohusu malipo ya kuchelewesha au kusitisha bidhaa zenye prosesa za AMD, ambayo Tume iliitoza upya euro milioni 376 mwaka 2023. Miaka 15 ya mawakili kwa jambo lililoamua soko katika miaka mitano.

AMD nayo ilijichimbia kaburi kwa mikono yake. Mwaka 2006 iliinunua kampuni ya ATI kwa dola bilioni 5.4, ikaelemewa na madeni, na prosesa zake za Bulldozer za Oktoba 2011 zikatoka dhaifu. Kuanzia hapo Intel ilikuwa peke yake kileleni, na sisi tukapata bahati ya nadra, ile ambayo wachumi huiota: kuona kwa macho kinachotokea mshindani akiondoka uwanjani.

Kilichotokea ni viini vinne. Prosesa ya kisasa ina viini kadhaa ndani yake, kila kimoja kikifanya kazi yake kwa wakati mmoja na wenzake. Mwanzoni mwa 2007 mtu aliyetaka prosesa nzuri ya Intel kwa kompyuta ya mezani ya kawaida alipata yenye viini vinne. Mwanzoni mwa 2017, Core i7-7700K, ya juu kabisa katika daraja hilo, ilikuwa na viini vinne. Aliyetaka zaidi alielekezwa kwenye daraja la matajiri, ambako mwaka 2016 prosesa ya viini kumi iliuzwa dola 1,723.

Tuwe waadilifu. Katika muongo huo Intel haikulala. Viini vyenyewe viliongezewa uwezo mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, na matumizi ya umeme yakapunguzwa sana. Laptopu nyembamba zinazokaa na chaji siku nzima ni matunda ya kazi hiyo. Ila tazama kwa nini juhudi zilielekea huko. Tishio pekee lililobaki lilikuwa prosesa za ARM kwenye simu na tableti, na ARM ilishinda kwa kula umeme kidogo. Intel ilikimbia upande ule ule ambako ilisikia hatua za mtu nyuma yake. Kuna pia ugumu wa kiwandani: teknolojia yake ya nanomita 10 ilichelewa kwa miaka kadhaa kwa sababu za kihandisi ambazo ushindani usingezifuta.

Tarehe 2 Machi 2017 AMD, chini ya Lisa Su aliyeshika uongozi mwaka 2014, ilitoa Ryzen 7 1800X: viini vinane kwa dola 499. Ya Intel yenye viini vinane ilikuwa ikiuzwa dola 1,089. Oktoba mwaka huohuo Intel ikawa na viini sita kwenye daraja la kawaida. Mwaka uliofuata, vinane. Muongo mzima wa vinne, kisha miezi 20 ikatosha kuviongeza mara mbili.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli, Nairobi, habari hii ina uzito wa fedha, kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa huko ni za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani, na nyingi ni za miaka hiyohiyo. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5" na wewe utaridhika. Muulize kizazi. Core i5-7200U, ya kizazi cha saba, ina viini viwili. Core i5-8250U, iliyotoka Agosti 2017, ina vinne, na zote mbili zimepangiwa wati 15 na zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14. Mwendo wa msingi ulishushwa kutoka gigahezi 2.5 hadi 1.6 ili joto lidhibitiwe, lakini kwa kazi nyingi zinazokwenda pamoja mashine ni nyingine kabisa. Mhandisi wa Intel ana haki ya kukumbusha kwamba chipu hupangwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa. Ni kweli. AMD nayo ilikwisha kuutangaza mpango wa Ryzen hadharani tangu Mei 2015.

Mpaka huohuo kati ya kizazi cha saba na cha nane una mwenye nguvu mwingine aliyeuwekea muhuri. Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache sana, inaanzia kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha saba inawaka, inaandika, inafungua intaneti. Uzee wake umetangazwa na kampuni moja. Anayetaka kubaki nayo salama ana Linux, mshindani ambaye kwenye kompyuta za mezani hajawahi kuwa na sehemu kubwa ya soko, lakini kuwepo kwake kunaacha njia. Kiswahili chenyewe kilipita humo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kusubiri ruhusa ya mtu kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huru. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba inaandaa Windows na Office za Kiswahili.

Wala tusimvike AMD kanzu ya utakatifu. Novemba 2020, prosesa zake zilipoipita Intel karibu katika kila kipimo, ilipandisha bei. Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019 ilikuwa imetoka kwa dola 199. Ryzen 5 5600X ikaja kwa dola 299, na mdogo wake wa bei nafuu hakuonekana kwa rejareja hadi Aprili 2022, baada ya Intel kurudi na prosesa nzuri za bei ya chini. Mwezi uleule wa Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta za kwanza zenye chipu yake ya M1, yenye lugha ya ARM. Apple iliweza kuihama x86 kwa sababu inamiliki mfumo endeshi, mashine na mkalimani wa programu za zamani. Haikuhitaji kumwomba mtu. ARM nayo, tofauti na x86, huuza leseni kwa yeyote mwenye fedha na wahandisi.

Oktoba 2024 Intel na AMD, mahasimu tangu kesi ya 386, walitangaza baraza la pamoja la kuiendeleza na kuilinda x86. Hofu ya ARM iliwakutanisha meza moja. Na utawala umehamia chini zaidi, viwandani. Mwaka 2009 AMD ilijitenga na viwanda vyake. Tangu 2019 viini vya Ryzen mpya vimekuwa vikichongwa Taiwan na TSMC, ambayo pia inachonga chipu za Apple na za Nvidia. Kwa chipu za hali ya juu kabisa, wenye kampuni hizo hawana kiwanda cha pili cha maana cha kukimbilia. Intel sasa inajaribu kuwa hicho kiwanda cha pili, na Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichukua takriban asilimia 10 ya hisa zake, kwa hofu ambayo maofisa ununuzi wa IBM wangeielewa bila kufafanuliwa.